Kinga

Kijiji chetu kiko chini ya bahari
kwa kimo cha mtu mzima na kofia yake.
Kwa hiyo kuna tuta, na juu ya tuta kondoo,
na kila jioni, katikati ya kondoo na mawingu,
baba yangu Krijn Kodde, mlinzi wa milango ya maji,
taa mkononi,
akigusa kila komeo mara mbili.

Mara mbili. Nilihesabu.

Siku muuguzi alipokuja na sanduku la chanjo
baba alimkaribisha kahawa na biskuti,
kisha akamsindikiza hadi langoni.
"Liandikwalo ndilo liwalo," alimwambia.
"Ajali haina kinga."
Mwaka uleule polio ikapita kwetu,
ikauacha mguu wa kushoto wa Jannes
mwembamba kama mpini wa reki.
Fundi akamtengenezea chuma chenye kamba za ngozi.
Baba alimvalisha mwenyewe kila asubuhi,
na kila kifungo cha chuma kile
alikigusa mara mbili.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliuliza mezani,
viazi vikiwa bado vinafuka mvuke:
"Kama mafuriko nayo yameandikwa,
mbona unafunga mlango?"
Kijiko cha mama kikasimama hewani.
Baba akaitazama mikono yake,
mikono yenye grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote,
akasema,
"Kula."

Jumapili tulikwenda asubuhi na jioni.
Peremende ya kwanza mahubiri yakianza,
ya pili mchungaji akifika sehemu ya tatu.
Zaburi tuliziburuta noti kwa noti,
kama farasi na jembe kwenye udongo mzito.
Kabla ya nyota, alisema mchungaji, majina yaliitwa.
Mengine hayakuitwa.
Nilikodolea dari,
nikilitafuta jina langu kwenye madoa ya unyevu.

Mara nne kwa mwaka Meza ya Bwana ilitandikwa:
viti arobaini, watu mia sita,
na walioinuka ni saba, wazee, machozi tele.
Nani angethubutu?
Kula bila kuitwa ni kujilia hukumu.
Mama alikifua kitambaa kile miaka thelathini,
akakipiga pasi, akakitandika,
wala hakuketi hata siku moja.
Aliingoja ishara
kama mtu angojaye barua
katika nyumba isiyo na namba.

Benchi letu lina mlango mdogo, kama zizi.
Baba hukaa mwisho, penye komeo.
Jumapili ile ya Novemba upepo ulikuwa wa kaskazini magharibi,
nami nilikuwa nimeinama, natafuta peremende mfukoni.
Nikasikia komeo, mara mbili. Kisha chuma.
Au chuma, kisha komeo.
Nilipoinua kichwa Jannes alikuwa njiani tayari,
ko, kimya, ko, juu ya mawe ya makaburi ya zamani,
na kofia mia mbili nyeusi zikageuka pamoja.
Hakulia.
Alikuwa na uso wa mtu mwenye njaa
aliyesikia sahani.
Akaketi, wa nane. Akala.

Usiku, akifungua kamba za ngozi, nilimwuliza:
"Ulichagua, au ulichaguliwa?"
"Sijui," akasema. "Nilisikia mlango ukifunguka,
nikainuka."
Lakini baba, mtu asiyeapa,
aliapa kwamba aliufungua
kwa kuwa Jannes alikuwa ameshainuka.

Aliyeona kipi kilitangulia ni mama peke yake.
Naye alikuwa jikoni, kitambaa kimelowa mikononi,
akisugua doa dogo la divai
mahali pa kiti cha nane,
polepole,
kana kwamba hataki litoke.